Tambi Hazisubiri: Sayansi ya Kaunta ya Rameni

Mgeni anayeingia kwa mara ya kwanza kwenye mgahawa mdogo wa rameni mjini Tokyo, saa za chakula cha mchana, huhisi kama anafukuzwa. Mlangoni hakuna mhudumu wa kumpa menyu. Kuna mashine ya tiketi yenye vitufe vingi. Viti ni vichache, mara nyingi havifiki 15, vimepangwa mstari mmoja mbele ya kaunta, na nje kuna foleni. Bakuli likitua, anayekula huinama na kuvuta tambi kwa sauti. Akimaliza, hushukuru na kuondoka. Hapigi soga, hashiki simu kwa muda mrefu, na pengine robo saa haijapita tangu akae.

Wengi huieleza haraka hiyo kwa hesabu za biashara: kodi ya pango ni kubwa, viti ni haba, kwa hiyo wateja lazima wapishane. Hesabu hiyo ni ya kweli, lakini inaeleza nusu tu ya jambo. Mimi ninayeshughulika na sayansi ya chakula naona sababu kubwa zaidi imo ndani ya bakuli. Rameni ni chakula kinachoendelea kuiva mbele ya mlaji. Tambi zinazamishwa katika supu ya moto sana, na kila dakika zinanyonya maji. Mpishi amelenga muda mfupi ambao tambi, supu na mafuta vimefikia kilele pamoja, na karibu kila desturi ya kaunta, tangu mashine ya mlangoni hadi kelele za walaji, ipo ili muda huo usipotee.

Tambi za rameni hukandwa kwa unga wa ngano, maji, chumvi, na kitu cha nne kiitwacho kansui, ambacho kwa kawaida ni mchanganyiko wa sodiamu kaboneti na potasiamu kaboneti. Wapishi wetu wanakijua kitu cha jamii hiyo bila kwenda maabara: ni magadi, yaleyale tunayotia kwenye maharage makavu ili yaive upesi, na ambayo Ziwa Magadi la Kenya na Ziwa Natron la Tanzania yamejaa. Kinachonivutia ni kwamba alikali hiyo hutenda kazi mbili zinazopingana. Kwenye maharage hulegeza ganda na kulainisha. Kwenye ngano huikaza gluteni, ile protini inayofanya donge lililokandwa livutike bila kukatika, na tambi zinatoka zikiwa na ukinzani, zikiumwa zinarudisha nguvu. Hubadilisha na rangi pia. Unga mweupe una viambata viitwavyo flavonoidi ambavyo jicho halivioni. Vikikutana na alikali hugeuka manjano. Ndiyo maana tambi za rameni zina unjano hata pale ambapo hakuna yai lililotiwa.

Tambi iliyotolewa sasa hivi kwenye maji yanayochemka haijaiva sawasawa kila mahali, na hapo ndipo penye utamu wake. Nje imeshiba maji na ni laini, lakini kiini bado kina ukavu kidogo, hivyo jino hupita kwenye ulaini kisha likakutana na ugumu mwembamba. Hali hiyo haidumu. Maji husafiri kutoka nje kuelekea kiini, wanga huzidi kuvimba, na baada ya dakika chache tambi nzima inakuwa na ulaini mmoja kuanzia ganda hadi kiini. Ukiitazama bado ni tambi ileile, ila mdomoni imekufa. Supu nayo imepungua kwa kunyonywa, na imeanza kuwa nzito kwa wanga uliotoka. Kansui huchelewesha mambo hayo, haiwezi kuyazuia.

Sasa kazi ya mashine ya tiketi inaeleweka. Mteja analipa kabla ya kukaa, anaweka tiketi juu ya kaunta, na kwenye maduka yenye foleni mhudumu huja kuichukua mteja akiwa bado amesimama nje. Mpishi anajua mapema ni mabakuli mangapi yanakuja, anapanga vikapu vya kuchemshia tambi kwa zamu, na mteja akikaa tu bakuli linafuata. Baada ya kula hakuna kusubiri bili wala chenji, na mikono inayokata nyama haigusi fedha. Tarehe 3 Julai 2024, Japani ilipotoa noti mpya, ile ya yeni 1,000 ikiwa na sura ya mtaalamu wa bakteria Kitasato Shibasaburo, wenye maduka madogo walilazimika kurekebisha mashine za zamani au kununua mpya. Gharama hiyo iliwauma, kwa sababu kwa miaka mingi wateja wamezoea kwamba bakuli la kawaida halipaswi kuvuka yeni 1,000, mpaka ambao wafanyabiashara wenyewe wanauita ukuta. Kwa maoni yangu ukuta huo haumtendei haki mpishi. Anayechemsha mifupa usiku kucha anastahili kulipwa kama wapishi wa vyakula vingine.

Mahali ambapo haraka ya tambi iligeuzwa kuwa utaratibu kamili ni Fukuoka, kisiwani Kyushu, hasa eneo la Hakata na soko la samaki la Nagahama. Katika miaka ya 1950 vibanda vya Nagahama viliwalisha watu wa sokoni, ambao hawakuwa na nafasi ya kukaa. Tambi nene huchukua dakika kadhaa kuiva, kwa hiyo zikatumika nyembamba, zilizokandwa kwa maji machache, kwa kawaida chini ya asilimia 30 ya uzito wa unga. Hizo huiva kwa muda usiozidi dakika moja hivi. Lakini ukavu wake una gharama: tambi kavu na nyembamba hunyonya supu kwa pupa, na anayepewa rundo kubwa kwa mara moja atamalizia uji.

Jibu la Nagahama ni kaedama. Unapewa tambi kiasi cha kuliwa zikiwa hai, na zikikaribia kwisha unaagiza rundo lingine linalochemshwa upya na kutiwa ndani ya supu iliyobaki kwenye bakuli lako. Anayejua mambo huagiza akiwa amebakiza matonge mawili matatu, ili mpishi apate ile dakika moja ya kuchemsha na supu isipoe. Tena ahakikishe hajainywa supu yote, maana tambi mpya zitakosa pa kuingia. Kwa kuwa tambi hizo huja na maji yaliyozishika, chumvi ya supu hupungua, na ndiyo sababu juu ya kaunta nyingi za huko kuna chombo cha sosi ya kuongezea, pamoja na ufuta, kitunguu saumu na tangawizi nyekundu iliyolowekwa katika siki.

Huko Hakata mteja huulizwa pia anataka tambi ngumu kiasi gani. Ngazi huanza na yawa, iliyo laini, kisha futsu ya kawaida, kata iliyo ngumu, barikata iliyo ngumu zaidi, na harigane, ambayo imepita majini kwa sekunde chache tu. Ushauri wangu kwa anayeanza ni kata. Harigane wengi huagiza kwa kutaka sifa. Unga wake haujaiva vizuri, na ladha ya ngano haijafunguka.

Kuhusu kelele. Sisi tuliolelewa kwa kuambiwa kwamba mtu mwenye adabu hali kwa sauti tunaona tabu hapa, na sitaki kudharau malezi hayo. Lakini fizikia iko upande wa Wajapani. Juu ya supu huelea tabaka la mafuta ambalo huzuia mvuke kutoka na kuhifadhi joto, kwa hiyo bakuli lisilotoa moshi mwingi laweza kukuunguza ulimi. Anayevuta tambi pamoja na hewa huzipoza njiani kuelekea mdomoni, hivyo hana haja ya kungoja zipoe huku zikivimba. Hewa hiyo pia hubeba harufu kutoka nyuma ya kinywa kwenda puani, na sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni harufu. Anayekula kimya hakemewi na mtu. Atakula polepole zaidi, basi.

Nyuma ya kaunta kuna wakati wa namna nyingine kabisa. Supu nyeupe ya mifupa ya nguruwe, tonkotsu, huchemshwa kwa moto mkali kwa saa nyingi. Kolajeni iliyo kwenye mifupa na gegedu huvunjika kuwa jelatini, mafuta hupigwapigwa na mtokoto hadi kuwa vitone vidogo mno, na jelatini husaidia vitone hivyo visiungane tena. Weupe ule si maziwa. Ni mafuta yaliyotawanyika majini. Anayetaka supu angavu hufanya kinyume: moto mdogo, povu linaondolewa, sufuria haiachwi itokote kwa nguvu.

Utamu wa supu hizo una historia yake katika maabara za Kijapani. Mwaka 1908 Ikeda Kikunae alitambua kwamba ladha ya mwani wa kombu inatokana na glutamati, akaiita umami. Mwaka 1913 Kodama Shintaro akaipata inosinati katika samaki wa jamii ya jodari aliyekaushwa. Mwaka 1957 Kuninaka Akira alishughulikia guanilati, ambayo uyoga mkavu wa shitake unayo kwa wingi, na akaonyesha kwamba viambata hivi vikichanganywa na glutamati nguvu ya ladha hupanda kuliko jumla ya kimoja kimoja. Mpishi wa rameni anayechanganya supu ya kuku, mwani na samaki mkavu anatumia kanuni hiyohiyo, ajue asijue. Chumvi haimo kwenye sufuria kubwa. Imo kwenye tare, sosi kali inayowekwa chini ya bakuli kabla ya supu kumiminwa, na duka moja laweza kuuza rameni ya sosi ya soya na ya chumvi kutoka sufuria moja kwa kubadilisha tare tu.

Chakula hiki kimekuwa cha wenye haraka tangu zamani. Mwaka 1910 duka la Rairaiken lilifunguliwa Asakusa, Tokyo, likiwa na wapishi Wachina waliotoka Yokohama, na likawa maarufu kwa watu wa kawaida wa mjini. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mchele ukiwa adimu na ngano ya Marekani ikiingia kwa wingi, vibanda vya tambi viliwashibisha vibarua na wenye njaa wa miji iliyoungua. Ando Momofuku alipotoa tambi za papo hapo mwaka 1958, alikuwa akiuza haraka hiyo ndani ya pakiti.

Yupo mmoja aliyepata njia ya kuikwepa saa. Yamagishi Kazuo, wa duka la Taishoken, mwaka 1955 alianza kuwauzia wateja chakula kilichokuwa cha wafanyakazi jikoni: tambi zilizochemshwa, zikasuuzwa kwa maji baridi, zikawekwa kando na supu nzito ya kuchovea. Leo mtindo huo unaitwa tsukemen. Maji baridi husimamisha kuiva, na kwa kuwa tambi hazilali ndani ya supu, zinaweza kuwa nene na mlaji akala kwa utulivu kidogo. Anayesumbuliwa na mwendo wa kaunta aanze na hiyo.

Ukimaliza, nyanyua bakuli uliweke juu ya ukingo wa kaunta, futa mbele yako kwa kitambaa kama kimewekwa, sema gochisosama, neno la kushukuru kwa chakula, uondoke. Bakshishi haitolewi, na ukiacha fedha utafuatwa nje urudishiwe. Supu ukiibakiza si kosa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na bakuli moja la rameni likinywewa lote laweza kufikisha kiasi hicho au kukipita. Mwenye shinikizo la damu ale tambi, aonje vijiko vichache, aache.

Neno la mwisho ni kwa Waislamu na wote wasiokula nguruwe. Msidanganyike na neno kuku kwenye kitufe. Nyama iliyolazwa juu ya tambi mara nyingi ni ya nguruwe hata pale supu ilipo ya kuku, mafuta yanayoelea yanaweza kuwa yake pia, tare nyingi zina mirin au sake ambazo ni vileo, na tambi zote huchemshwa kwenye maji yaleyale. Maduka ya rameni halali yapo Tokyo, yakiwemo ya Asakusa, na yanatumia kuku au ng'ombe. Muulizeni mwenye duka kabla ya kununua tiketi, na jibu lisiporidhisha, tokeni mkatafute duka lingine.