Meli ya Kiangazi: Udugu wa Walei Kaskazini mwa Kanada

Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo ni chama cha walei Wakatoliki kilichoanzishwa Paris, Ufaransa, tarehe 23 Aprili 1833. Frédéric Ozanam, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekianzisha pamoja na wenzake, alitimiza miaka 20 siku hiyohiyo. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri mwaka 1997.

Kikundi cha wanachama huitwa konferensi. Wakikutana, husali, kisha hupitisha mfuko ambao kila mmoja hutia chochote alicho nacho bila jirani yake kujua ni kiasi gani. Baadaye hutoka wawili wawili kwenda kuwatembelea wahitaji majumbani mwao. Kazi ya chama ni hiyo: mhitaji haletewi unga tu, bali wanachama huketi naye, humsikiliza na kumfanya ndugu.

Kanada ilipata konferensi yake ya kwanza mjini Québec mwaka 1846. Kusini mwa nchi hiyo, ambako kuna miji na barabara, ziara za nyumbani ni jambo la kawaida. Kaskazini hali ni nyingine. Nunavut, jimbo kubwa la Wainuiti, wenyeji wa asili wa kaskazini, lina eneo zaidi ya mara mbili ya Tanzania, lakini sensa ya mwaka 2021 ilihesabu watu 36,858 tu. Wanaishi katika makazi 25, na hakuna barabara inayotoka makazi mamoja hadi mengine. Ndege hufika mwaka mzima hali ya hewa ikiruhusu. Meli huja kiangazi peke yake, barafu ya baharini inapoyeyuka. Kinachokuja kwa ndege hubeba pia gharama ya ndege, na ndiyo maana maziwa, matunda na nepi za watoto huuzwa kwa bei inayowashinda wengi.

Wanachama wa chama hicho walibuni mradi uitwao North of 60, yaani kaskazini ya nyuzi 60 za latitudo. Hukusanya vyakula visivyoharibika upesi, nguo na vifaa vya nyumbani, huvipanga ndani ya makontena, na kuvisafirisha kwa maji hadi jamii za mbali kama Ulukhaktok, kwenye pwani ya Aktiki katika jimbo linalopakana na Nunavut. Kupanga kontena la namna hiyo kuna hesabu yake. Mchele, maharage, unga na maziwa ya unga hustahimili safari, kisichostahimili hakiingii. Tarehe ya mwisho ya matumizi hutazamwa kwa makini, kwa kuwa chakula kitakaa ghalani miezi mingi. Kilichosahauliwa husubiri kiangazi kingine, au hulipiwa nauli ya ndege.

Msaada huo haukuti watu wasiojua kusaidiana. Kwa desturi ya Wainuiti, nyama ya sili au ya caribou, mnyama wa jamii ya kulungu, hugawiwa ndugu na majirani, na wazee hukumbukwa kwanza. Mgeni mwenye kontena anaingia katika udugu uliokuwepo kabla yake.

Tena anaingia mahali penye jeraha. Zaidi ya watoto 150,000 wa wenyeji wa asili wa Kanada walipitishwa katika shule za bweni zilizoanzishwa na serikali na kuendeshwa na makanisa, yakiwemo mashirika ya Kikatoliki. Wengi walitengwa na wazazi, lugha na mila zao. Tarehe 29 Julai 2022 Papa Fransisko alifika Iqaluit, makao makuu ya Nunavut, akakutana na waliosoma katika shule hizo na kuomba radhi.

Kwa hiyo swali la kuanzia kwa mlei anayetaka kuhudumu kaskazini si nini kimejaa ghalani kwake, bali wenyeji wanahitaji nini. Asiyeweza kubisha hodi mlangoni kwa sababu ya umbali hana budi kumsikiliza aliye karibu na mlango huo. Bila hivyo, kontena hufika, lakini udugu hubaki bandarini.