Mpangilio wazi wa nyuzi za gitaa: maana, utendaji na matumizi ya maneno

Wapiga gitaa hutumia istilahi ya Kiingereza "open tuning" kutaja namna ya kulinganisha nyuzi ili, zikipigwa zote bila kubanwa na kidole chochote, zitoe fungu moja la sauti zinazopatana. Istilahi hiyo ikifasiriwa neno kwa neno huzaa "mpangilio wazi", kirai ambacho msomaji wa Kiswahili anaweza kukielewa kuwa ni mpangilio ulio dhahiri, usio na utata. Maelekezo ya kulinganisha nyuzi ni maelekezo ya kutenda: kitenzi kikikosewa, uzi unaweza kukatika, au mwanafunzi akabaki na chombo kisichopatana na somo alilopewa. Ili mfasiri achague maneno yanayofaa, hana budi kwanza kulielewa jambo lenyewe.

Nyuzi zikiwa hazijabanwa

Gitaa la kawaida lina nyuzi sita. Uzi wa kwanza ndio mwembamba kuliko zote, na wa sita ndio mnene kuliko zote. Katika mpangilio uliozoeleka, nyuzi hizo huitwa kuanzia wa sita hadi wa kwanza kwa herufi E, A, D, G, B, E. Kwa waliolelewa na kwaya na solfa, do ikiwa C, sauti hizo ni mi, la, re, so, ti, mi. Zikipigwa pamoja hazitulii mahali pamoja. Mpigaji hulazimika kubana nyuzi kadhaa ili apate fungu la sauti zinazopatana.

Mpangilio wazi huondoa ulazima huo. Ulioenea zaidi ni wa aina ya meja. Mmojawapo ni D, A, D, F kali, A, D, ambao kwa solfa ni do, so, do, mi, so, do. Mkono wa kushoto ukiwa umepumzika, gitaa tayari linaimba kwa upatanifu.

Mfano usio wa kawaida: Bentonia

Katika mji mdogo wa Bentonia, jimbo la Mississippi nchini Marekani, wapiga bluzi walishika njia nyingine. Wao walizilinganisha nyuzi katika maina: D, A, D, F, A, D. Tofauti na mpangilio wa meja uliotajwa hapo juu ni nusu toni tu, tena katika uzi mmoja, yaani wa tatu. Hata hivyo, nusu toni hiyo hubadili hali nzima ya muziki. Do ikihamia F, nyuzi husomeka la, mi, la, do, mi, la, na sauti yake huwa na simanzi kabla wimbo haujaanza.

Mpigaji aliyejulikana zaidi kwa mpangilio huo ni Nehemiah "Skip" James, aliyezaliwa mwaka 1902. Mwaka 1931 alirekodi nyimbo zake huko Grafton, Wisconsin, kwa kampuni ya Paramount. Zama hizo zilikuwa za mdororo mkubwa wa uchumi, na santuri zake hazikununuliwa sana. Naye akatoweka machoni pa wapenzi wa muziki hadi mwaka 1964, alipotafutwa na kupatikana, kisha akapanda jukwaani katika tamasha la Newport. Alifariki mwaka 1969.

James alijifunza kutoka kwa Henry Stuckey, mwenyeji wa eneo hilohilo. Inasimuliwa kwamba Stuckey aliupata mpangilio huo kwa wanajeshi kutoka Bahama aliokutana nao Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Stuckey mwenyewe hakuacha santuri hata moja. Maarifa yake yalibaki hai kwa kuonyeshana, mkono kwa mkono, hadi kwa Jack Owens, aliyefariki mwaka 1997, na kwa Jimmy "Duck" Holmes, ambaye wazazi wake walifungua mkahawa wa Blue Front mjini humo mwaka 1948.

James aliuita mpangilio huo "cross-note". Ufafanuzi unaotolewa mara nyingi ni kwamba unakatiza kati ya maina na meja: mpigaji akiubana uzi wa tatu kwenye freti ya kwanza, fungu la maina hugeuka meja papo hapo, akiuachia, hurudi maina. Kidole kimoja kinatosha kuivusha nyimbo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo kuita mpangilio huu "noti iliyopishana" au "msalaba wa noti" ni kutafsiri herufi na kuiacha maana. Ni afadhali jina lenyewe liachwe lilivyo, likifuatwa na maelezo: mpangilio wa maina wa Bentonia.

Kwa nini unavuma

Katika mpangilio huu nyuzi tatu (wa sita, wa nne na wa kwanza) ni D, mbili (wa tano na wa pili) ni A, na mmoja tu ni F. Uzi wa tano hutetema mara 110 kwa sekunde, na wa pili mara 220, yaani maradufu kamili. Nyuzi zenye uhusiano wa namna hiyo huitikiana: mmoja ukipigwa, mwenzake ambao haukuguswa nao huanza kutetema kidogo. Ndiyo maana gitaa lililolinganishwa hivi huwa na mvumo unaoendelea chini ya wimbo, huku kidole gumba kikishikilia nyuzi nene na vidole vingine vikifuata sauti ya mwimbaji.

Maneno yanayohitaji uangalifu

*Legeza na kaza.* Kutoka mpangilio wa kawaida hadi D, A, D, F, A, D, nyuzi nne (wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa sita) hulegezwa kwa toni moja kila mmoja. Wa nne na wa tano haziguswi. Upatanifu uleule hupatikana pia juu zaidi, E, B, E, G, B, E, ambapo uzi wa nne na wa tano hukazwa kwa toni moja na nne zilizobaki huachwa. Anayechanganya njia hizi mbili atakaza nyuzi zilizopaswa kulegezwa, na uzi mwembamba hauna subira. Wahawaii walipata jina la mipangilio yao, *kī hōʻalu*, kutokana na kitendo hichohicho cha kulegeza.

*Shusha, si punguza.* "Punguza sauti" kwa msomaji wa leo ni kupunguza ukubwa wa sauti, kama redio inapopigwa kelele. Kwa kimo cha sauti, "shusha uzi kwa toni moja" au "legeza uzi hadi D" haikosewi. Vivyo hivyo, "sauti nene" na "sauti nyembamba" ni salama kuliko "sauti ya chini" na "sauti ya juu".

*Uzi wa juu.* Gitaa likiwa mapajani, uzi ulio karibu na uso wa mpigaji ndio wenye sauti nene kuliko zote. "Uzi wa juu" basi unaweza kueleweka kwa namna mbili zinazopingana. Nyuzi zitajwe kwa namba au kwa unene.

*Fungua uzi.* Maelekezo ya kupiga uzi bila kuubana hayafasiriwi "fungua uzi", kwani kufungua ni kuuondoa ulipofungwa. Isemwe "piga uzi bila kuubana".

*Wazi.* Kivumishi "wazi" hakichukui kiambishi cha upatanisho. Katika "mpangilio wa nyuzi wazi" sarufi haimwambii msomaji kama kilicho wazi ni mpangilio au ni nyuzi. Kishazi rejeshi huondoa shaka hiyo: katika "mpangilio wa nyuzi zisizobanwa", kiambishi *zi-* kinarejelea nyuzi, si mpangilio. Inafaa maelezo haya kamili yatangulie mara ya kwanza, kisha "mpangilio wazi" utumike kama ufupisho.

*Mpangilio, si mlinganyo.* "Kulinganisha nyuzi" ni kitenzi kinachofaa kwa kitendo. Lakini nomino "mlinganyo" imekwisha kushikwa na hisabati; kwa matokeo ya kitendo hicho, "mpangilio" unatosha.

Mifano ya matumizi

Alilinganisha gitaa lake katika mpangilio wa maina wa nyuzi zisizobanwa.

Legeza uzi wa tatu kutoka G hadi F, kisha upige nyuzi zote sita bila kubana hata mmoja.

Ukibana uzi wa tatu kwenye freti ya kwanza, maina itageuka meja.