Hitilafu za infraredi katika kamera za kidijitali

Hitilafu za infraredi katika kamera za kidijitali ni kasoro za rangi na ukali wa picha zinazotokea pale kihisi cha kamera kinapopokea mnururisho wa infraredi ambao jicho la binadamu haliuoni. Huonekana zaidi kwenye vitambaa vyeusi, majani, makaa ya moto na picha zilizopigwa juani kupitia kichujio cheusi. Kwenye mwambao wa Ziwa Viktoria jambo hili lina pande mbili: mnururisho uleule unaoharibu rangi ya suti ya bwana harusi jijini Mwanza ndio unaowezesha magugumaji kutambuliwa kutoka angani.

Chanzo

Jicho huona nuru yenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 380 hadi 700. Ng'ambo ya nyekundu huanza infraredi, iliyogunduliwa na William Herschel nchini Uingereza mwaka 1800. Kihisi cha kamera hutengenezwa kwa silikoni, na silikoni haijui mipaka ya jicho. Fotoni yoyote yenye nishati ya kutosha kuachilia elektroni ndani yake huhesabiwa, hadi kufikia nanomita 1100 hivi.

Kihisi chenyewe hakitambui rangi. Juu ya pikseli zake huwekwa vichujio vidogo vya rangi nyekundu, kijani na buluu, kwa mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, aliyepewa hataza mwaka 1976. Vichujio hivyo hutenganisha vizuri nuru inayoonekana, lakini kuanzia nanomita 800 hivi vyote vitatu hupitisha infraredi karibu sawasawa. Pikseli iliyokusudiwa kupokea buluu peke yake hupokea na infraredi pia, bila njia ya kujua ipi ni ipi.

Kwa sababu hiyo watengenezaji huweka mbele ya kihisi kioo cha kuzuia infraredi. Kipo kioo chenye rangi ya samawati hafifu kinachoifyonza, na kipo kilichopakwa tabaka nyingi nyembamba zinazoirudisha ilikotoka. Hiki cha pili kina udhaifu wake: nuru ikiingia kwa mshazari, mpaka wa kuzuia huhama kuelekea mawimbi mafupi, na pembe za picha hupata rangi tofauti na katikati. Hakuna kioo kinachozuia yote bila kula pia sehemu ya nyekundu halali, kwa hiyo kila kamera ni mapatano ya aina fulani.

Weusi unaogeuka zambarau

Mfano unaojulikana zaidi ni kamera ya Leica M8 iliyotolewa mwaka 2006. Lenzi za kamera za aina hiyo hukaa karibu sana na kihisi, na kioo kinene kingeharibu ukali wa picha kwenye pembe. Leica ilichagua kioo chembamba cha nusu milimita. Wapigapicha wakagundua upesi kwamba nguo nyeusi za nyuzi za viwandani zilitoka zambarau. Kampuni ililazimika kuwapa wanunuzi vichujio viwili vya kufunga mbele ya lenzi bila malipo. Mrithi wake, M9 ya mwaka 2009, alipewa kioo kinene zaidi.

Kwa nini zambarau? Rangi nyingi za kutia weusi kwenye vitambaa hufyonza nuru inayoonekana lakini huiakisi infraredi. Infraredi hiyo huingia kwa kiasi kilekile katika pikseli nyekundu, kijani na buluu. Lakini kamera, ili nyeupe ionekane nyeupe, huongeza nguvu ya nyekundu na buluu kuliko ya kijani. Nyekundu na buluu zikizidi pamoja, matokeo ni zambarau. Si kila nguo nyeusi hufanya hivyo. Suti mbili zinazofanana kabisa machoni zaweza kutofautiana kwenye picha moja ya familia, na fundi wa studio akalaumiwa bure.

Jambo hilohilo huonekana jikoni. Makaa yanayowaka, ambayo jicho huyaona mekundu, kwenye simu nyingi hutoka na rangi ya zambarau au waridi, kwa kuwa makaa hutoa infraredi nyingi mno kuliko nuru inayoonekana. Mwanga wa kandili na wa balbu za waya nao una infraredi nyingi. Taa za LED nyeupe, ambazo wavuvi wengi wa dagaa sasa huzitumia usiku badala ya karabai, hazina infraredi ya kuhesabika, na picha zinazopigwa kwa mwanga wake hazina tatizo hili.

Vichujio vyeusi kwenye jua kali

Mpigapicha anayetaka maji yanayozunguka Jiwe la Bismarck yaonekane laini kama hariri hufunga kichujio cheusi kinachopunguza nuru, ili aweze kuacha kihisi wazi kwa sekunde nyingi mchana. Vichujio vya bei nafuu hupunguza nuru inayoonekana lakini huiachia infraredi ipite.

Tuchukue mfano. Kama katika picha ya kawaida infraredi iliyovuja ni sehemu 1 kwa kila sehemu 1000 za nuru halali, haionekani. Kikifungwa kichujio kinachopunguza nuru mara 1000 lakini kisichogusa infraredi, sehemu 1000 zinakuwa 1, na infraredi inabaki 1 palepale. Nusu ya picha sasa ni mnururisho ambao mpigapicha hakuuona. Mawe hupata wekundu wa kahawia, na kurekebisha kwa programu ni kazi ngumu kwa sababu kila kitu huakisi infraredi kwa kiwango chake. Tena lenzi hukusanya infraredi nyuma kidogo ya mahali inapokusanya nuru inayoonekana, hivyo juu ya rangi mbaya huongezeka ukungu.

Magugumaji

Majani mabichi hufyonza nyekundu kwa ajili ya usanisinuru lakini huakisi sana infraredi ya karibu. Maji hufanya kinyume: huifyonza na kuonekana meusi. Tofauti hiyo imetumiwa tangu setilaiti ya Landsat ya kwanza ilipopaa mwaka 1972, na kwa njia hiyo kuenea kwa magugumaji katika Ziwa Viktoria miaka ya 1990, hasa katika Ghuba ya Winam nchini Kenya, kuliweza kupimwa. Magugu hayo huziba mialo na kukwamisha mitumbwi na vivuko, kwa hiyo kujua yalipo ni jambo la riziki.

Siku hizi droni yenye kamera ya kawaida iliyotolewa kioo chake huweza kufanya kazi hiyo kwa gharama ndogo, lakini hapa kasoro ya awali hurudi. Kipimo kinachotumika huchukua infraredi, hutoa nyekundu, kisha hugawanya kwa jumla yake. Jani linaloakisi infraredi asilimia 50 na nyekundu asilimia 5 hupata 45 kugawanya kwa 55, yaani 0.82. Infraredi ikivuja kwenye pikseli nyekundu hadi zisome 30, hesabu inakuwa 20 kugawanya kwa 80, yaani 0.25. Zulia zito la magugu husomeka kama mimea hafifu, na watu wanaong'oa kwa mikono wakifuata ramani hiyo huenda kwingine. Kamera zenye kihisi tofauti kwa kila rangi, kila kimoja na kichujio chake, huepuka kosa hili, ila ni ghali.

Kupima kamera

Rimoti ya televisheni hutoa infraredi ya nanomita 940 hivi. Ikielekezwa kwenye kamera ya simu na kitufe kubonyezwa, nuru ikimetameta kwenye skrini kioo kinavuja. Mara nyingi kamera ya mbele huonyesha zaidi kuliko ya nyuma. Nuru isipoonekana, haina maana kwamba kioo ni kamili. Uvujaji unaosumbua zaidi huwa kati ya nanomita 700 na 800, eneo ambalo rimoti haifiki. Kipande cha kitambaa cheusi cha nyuzi za viwandani, kikipigwa picha juani kando ya cheusi cha pamba, hupima eneo hilo vizuri zaidi.