Mnyoo wa Milimita Moja na Rekodi Zake

Caenorhabditis elegans huishi kwenye udongo na matunda yaliyooza, hula bakteria, wala hamdhuru mtu. Akikomaa, urefu wake ni milimita moja tu. Lakini mwili wake hupitisha mwanga, na hapo ndipo rekodi zake zinapoanzia.

Ninayoiweka juu ya zote ni ya 1983. John Sulston na wenzake, huko Cambridge, Uingereza, walichapisha nasaba ya kila seli ya kiinitete chake, tangu yai hadi kuanguliwa. Hakuna mnyama aliyewahi kujulikana hivyo. Na hawakumpasua: Sulston aliketi kwenye hadubini zamu mbili kwa siku, kila moja ya saa nne, kwa takriban mwaka mmoja na nusu, akichora kwa mkono alichokiona. Yai hujigawa kwanza katika seli mbili zisizolingana, kubwa mbele na ndogo nyuma, na kila moja hushika njia yake.

Vifo ndivyo vinavyonistaajabisha zaidi. Mnyoo huntha huzalisha seli 1,090 za mwili. 131 kati yake hufa kwa mpango, zilezile kwa kila mnyoo, na kwa wakati uleule. Inayokufa hujiviringa, hung'aa kama kifungo cha shati, kisha seli jirani huimeza. Hubaki 959. Robert Horvitz alizipata jeni zinazotoa amri hiyo, na sisi binadamu tunazo za aina hiyohiyo. Zikiharibika, seli iliyopaswa kufa inaweza kuendelea kuishi na kuchangia saratani.

Mwaka 1986 akawa mnyama wa kwanza kuchorewa ramani ya mfumo mzima wa neva: seli 302 na miunganisho yake, zilizofuatiliwa kwenye maelfu ya picha za hadubini ya elektroni. Mwaka 1998 akawa wa kwanza kusomwa jenomu yote.

Aliyemchagua kwa kazi hii, miaka ya 1960, ni Sydney Brenner, mzaliwa wa Germiston, Afrika Kusini. Yeye, Sulston na Horvitz walipata Nobel ya 2002. Utafiti juu ya mnyoo huyu ukaleta nyingine 2006 na 2024. Ile ya kemia ya 2008 alikuwamo Martin Chalfie, aliyeziwasha seli chache za neva kwa protini ya kijani itokayo kwa kiwavi wa bahari, akaziona zikimeremeta ndani ya mnyoo aliye hai.