Mto Nao Una Fungu Lake

Ndugu zetu wa Kikatiti waijua thamani ya maji. Mito ishukayo kusini mwa Mlima Meru huchepushwa kwa mifereji, ikanywesha migomba na mahindi. Yanayosalia huingia Mto Kikuletwa. Wako wasemao kuwa maji yaachwayo mtoni yamepotea bure. Sisi hatukubali. Maji hayo ndiyo yaendayo kujaza bwawa la Nyumba ya Mungu, wanakovua wavuvi. Ndiyo yazungushayo mitambo ya umeme ya Pangani. Na ndiyo yazuiayo chumvi ya bahari isipande mtoni. Mto ukikauka, samaki hufa pamoja na mazalio yao.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imepanga wazi: kwanza maji ya nyumbani, pili fungu la mto wenyewe na viumbe vyake, ndipo yafuate matumizi mengineyo. Basi kiangazi tufungue mifereji kwa zamu, na zamu ikiisha tuizibe. Wa juu akiyamaliza yote, je, ndugu yake wa chini atakunywa nini?