Mtoto Kati ya Dini Tatu: Imani na Kutoamini Kando ya Ziwa Victoria (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza imani ya Wasukuma na Wakerewe kabla ya kufika wamisionari. Tuliona kwamba mtoto aliipata mizimu yake kwa kuzaliwa, kama alivyoupata ukoo wake, na hapakuwa na siku ya kuulizwa kama anaikubali. Akiwa mtu mzima aliweza kujiunga na Bayeye, wale wachezao na nyoka, au kufuata ngoma ya Bagika au Bagalu, huku matambiko ya kwao yakiendelea. Aliongeza bila kuacha. Leo tunaangalia jinsi desturi ya kuacha dini moja na kushika nyingine ilivyoingia ukanda huu, ilivyowagusa watoto mapema, na kwa nini wachache miongoni mwao walifika ukubwani hawaamini dini yoyote.

Watoto wa ikulu na watoto wa kukombolewa

Mfano mkubwa wa mwanzo ulitokea ng'ambo ya ziwa. Kabaka Mutesa wa Buganda alifunga Ramadhani kwa takriban miaka kumi kuanzia 1867 na kuwahimiza watu wake wajifunze Uislamu, lakini mwenyewe akakataa kutahiriwa. Mwaka 1876 vijana wa ikulu waliosoma dini walipokataa kula nyama ya mfalme asiyetahiriwa, wengi wao waliuawa. Mwaka uliofuata wakaja Waanglikana wa CMS, na mwaka 1879 wakaja Mapadre Weupe wa Kanisa Katoliki. Kijana aliyekulia katika ua wa Kabaka aliweza kusikia mafundisho ya pande zote tatu kabla hajaota ndevu. Matia Mulumba, mmoja wa mashahidi wa Uganda, alizaliwa Busoga, akatekwa angali mtoto, akavutwa na Uislamu, akasoma kwa Waanglikana, kisha akabatizwa Mkatoliki mwaka 1882. Miaka minne baadaye aliuawa akiishikilia imani hiyo ya mwisho.

Novemba 1882 Mapadre Weupe walikimbilia kusini mwa ziwa wakiwa na watoto waliowakomboa utumwani. Mwaka 1883 wakaanzisha misheni ya Bukumbi, kusini mwa mji wa Mwanza wa leo. Mtoto wa namna hiyo aliweza kuwa amezaliwa katika nyumba ya matambiko, akalelewa miaka kadhaa na mfanyabiashara Mwislamu aliyemnunua, kisha akapewa jina la ubatizo na padre aliyelipa fidia yake. Kila mara dini yake ilibadilika kwa sababu mlezi wake amebadilika. Yeye hakuwa na kauli.

Hata wafalme walikwenda hivyo. Kabaka Mwanga, aliyewaua Wakristo kati ya 1885 na 1887, alipinduliwa mwaka 1888 akavuka ziwa hadi Magu, upande wa kusini, kisha akapata hifadhi kwa mapadre wa Bukumbi. Alifia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903, akiwa amebatizwa Mwanglikana. Katika zama zile za vita na utumwa, dini ilikuwa sehemu ya ulinzi, na aliyehitaji ulinzi alishika dini ya mlinzi wake.

Shule inachukua nafasi ya mlinzi

Utawala wa kikoloni ulipotulia, shule ilishika nafasi hiyo. Wakatoliki walikuwa Bukumbi na Ukerewe. Africa Inland Mission walichukua kituo cha Nassa kutoka kwa CMS mwaka 1909. Wasabato walijenga Majita na Ikizu, na Wamennonite wakafika Shirati mwaka 1934. Uislamu ulikuwa na nguvu mjini Mwanza na katika vituo vya biashara. Mzazi aliyetaka mwanawe ajue kusoma alimpeleka shule iliyo karibu, na mara nyingi shule iliyo karibu ndiyo iliyoamua kama mtoto atapumzika Jumamosi au Jumapili.

Mfano wa Julius Nyerere, uliokuwa tofauti, unasaidia kuelewa jambo hili. Alianza masomo mwaka 1934 huko Mwisenge, Musoma, katika shule ya serikali, akahudhuria mafundisho ya Kikatoliki, lakini hakubatizwa hadi Desemba 1943. Alikuwa na umri wa miaka 21, na baba yake, Mtemi Burito, alikwisha kufariki. Alikuwa amepata muda wa kuisikiliza dini kwa karibu kabla ya kuikubali. Wenzake wengi waliofika misheni wakiwa wadogo walibatizwa kwanza, wakaelewa baadaye.

Kambare halali, kambare najisi

Siku hizi hakuna padre anayelipa fidia, lakini mtoto wa Mwanza bado huhamahama. Tuchukue mfano wa kubuni ambao msomaji wa Kirumba au Igoma ataona si mgeni. Baba ni Mwislamu, mama ni wa Africa Inland Church (AIC). Wanaachana, na mtoto anapelekwa Sengerema kwa shangazi ambaye ni Msabato. Akifaulu, anaingia sekondari ya bweni ya Wakatoliki. Likizo anazimalizia kwa mama, ambaye sasa amehamia kwa walokole.

Mtoto huyo hakutani na teolojia kwanza. Anakutana na chungu. Kwa baba, kambare ni kitoweo kama sato. Kwa shangazi, kambare hana magamba, na Mambo ya Walawi yanakataza, kwa hiyo haingii jikoni. Bwenini analiwa tena. Kwa baba nguruwe ni haramu, na shangazi naye hamli, lakini bwenini hakuna anayeuliza. Samaki ni yule yule kutoka ziwa lile lile, na kinachobadilika ni nyumba. Mtoto mwerevu hujifunza mapema kuuliza ratiba ya nyumba kabla ya kuuliza ukweli wake.

Wengi huishia kushika dini ya mwisho au kurudi kwenye ya kwanza, na wanaishika kwa dhati. Ni kosa kudhani kwamba kubadilishwa dini utotoni humfanya mtu asiamini. Humfundisha jambo dogo zaidi, kwamba dini ya mtu huamuliwa na watu wengine. Kutoka hapo hadi kusema hakuna Mungu bado ni safari, na kwa kawaida huhitaji vitabu. Ndiyo maana ukanda huu mashaka makali hupatikana karibu na seminari kuliko mbali nayo.

Hapo ndipo anapoingia mwandishi Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, na kusoma seminari ya Nyegezi. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika (1971), imepewa jina litokalo katika litania ya Bikira Maria, lakini inasimulia malezi yanayompoteza msichana. Katika Kichwamaji (1974), Kazimoto, msomi wa chuo kikuu anayerudi kisiwani kwao, anahoji maana ya maisha na kuwepo kwa Mungu, na mwisho anajiua. Mwandishi si mhusika wake, na si haki kumbandika Kezilahabi jina la mkanamungu kwa sababu ya Kazimoto. Lakini hoja za Kazimoto si za mtu asiyeijua dini. Ni za mtu aliyefundishwa dini hadi akajua maswali yake.

Ngazi tatu za kutoamini

Ulaya, mtu akishamkana Mungu huhesabiwa amemaliza. Kando ya ziwa kuna ngazi tatu: Mungu, mizimu na uchawi. Utafiti wa kituo cha Pew cha Marekani uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta zaidi ya asilimia 90 ya Watanzania waliohojiwa wanaamini kuwa uchawi upo, na takriban asilimia 60 wanaamini kwamba sadaka kwa mizimu huweza kumkinga mtu na madhara. Waumini wa misikiti na makanisa wamo ndani ya hesabu hiyo. Kwa hiyo utamkuta kijana asiyeswali wala kusali, anayejitangaza hana dini, lakini akiugua ghafla anamfikiria jirani.

Jambo hili lina gharama. Usukumani vikongwe wameuawa kwa kuwa macho yao ni mekundu, wekundu ambao mara nyingi huletwa na miaka ya moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe. Watu wenye ualbino nao wamewindwa kwa sababu ya imani hizo hizo. Asiyeamini aliyeishia ngazi ya kwanza hajamwokoa bibi kizee yeyote.

Sheria inasema nini

Ibara ya 19 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu uhuru wa mawazo na imani, pamoja na uhuru wa kubadilisha dini au imani yake. Tangu sensa ya 1967 wananchi hawajaulizwa tena dini zao. Mahakamani, shahidi Mkristo huapa, na asiye Mkristo huthibitisha ukweli. Kumbukumbu za mahakama za Kanda ya Ziwa zina mashahidi wengi walioandikwa tu kuwa ni wapagani. Katika fungu hilo mzee anayetambikia na msomi anayekana kila kitu husimama pamoja, ingawa hawakubaliani hata kidogo.

Upungufu uko kwa mtoto. Uhuru wa kubadili umeandikwa kwa ajili ya kila mtu, lakini kabla ya utu uzima hutumiwa na mlezi kwa niaba yake. Kipindi cha dini kikifika shuleni, kila mwanafunzi huelekezwa kwa mwalimu wa dini iliyoandikwa kwenye fomu. Mlezi mwenye busara, awe wa msikitini au wa kanisani, anaweza kufanya alichopata Nyerere kwa bahati: kumfundisha mtoto dini ya nyumba kwa ukamilifu, kumruhusu aulize, na kumwachia neno la mwisho atakapokuwa mtu mzima. Baadhi watabaki, baadhi watahama, na wachache watasema hawaamini. Hao wachache watakuwa wametumia uhuru ule ule aliotumia Mulumba.

Wiki ijayo tutaeleza ndoa ya bomani chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, na swali linalowatisha zaidi wasioamini wa Mwanza: nani atawazika, na kwa taratibu zipi.

Itaendelea.