Fungate ya ugenini: picha ni za nani?

Baada ya nikaha ya binti mmoja wa jamaa zetu hapa Dar es Salaam, maharusi walisafiri kwenda Istanbul kwa siku saba. Siku ya tano, kabla hawajarejea, picha ya bibi harusi ilikuwa imekwishafika katika simu za shangazi zake. Alionekana juu ya paa la nyumba, kati ya mazulia na shakwe, gauni limepeperuka na mtandio umeshushwa na upepo hadi mabegani. Hakuituma yeye wala mumewe. Mpiga picha waliyemkodi ndiye aliyeiweka katika ukurasa wake wa mtandaoni iwe tangazo la kazi yake.

Mume alipomwandikia kumwomba aiondoe, alijibiwa kwa adabu kwamba walikwisharidhia picha zitumike kwa matangazo walipotia saini makubaliano. Walipoifungua tena hati ile, walikuta sharti hilo mwishoni, kwa herufi ndogo za Kiingereza. Hawakuwa wamelisoma. Picha iliondolewa baada ya kuombwa mara kadhaa, lakini nani ajuaye imehifadhiwa katika simu ngapi? Tunaisimulia habari hii kwa idhini yao, ili wengine wanusurike.

Wazee wetu wa pwani waliita fungate zile siku saba ambazo bwana na bibi harusi hukaa ndani, wakipikiwa na kutumikiwa, huku macho ya watu yakizuiwa mlangoni. Leo fungate imepanda ndege, na mlango ule umebaki nyumbani. Kamera imeingia mahali ambapo hata mama mkwe hakuingia bila kubisha hodi.

Hatusemi kwamba safari ni kosa, wala kwamba furaha ifichwe kama aibu. Kuhusu picha za kamera, wanazuoni wamekhitilafiana. Wapo waliozikataza isipokuwa kwa dharura, na wapo walioziruhusu, akiwamo Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne iliyopita. Lakini hata wenye kuruhusu hawakuondoa wajibu wa sitara. Qur'ani, katika Suratul Baqara aya ya 187, imewafananisha mume na mke na vazi, kila mmoja kwa mwenzake. Imamu Muslim naye amepokea kutoka kwa Abu Said al-Khudri (r.a.) onyo kali kwa mtu anayekutana na mkewe kisha akaieneza siri yake. Picha ya juu ya paa si siri ya chumbani, lakini aliyezoea kuacha dirisha wazi, siku moja husahau na mlango.

Tunao mfano mzuri zaidi. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba alipokuwa safarini na Mtume (s.a.w.) walishindana mbio, naye akashinda; baadaye, alipokuwa ameongezeka mwili, walishindana tena na Mtume akashinda. Katika riwaya ya Imamu Ahmad imetajwa kwamba Mtume kwanza aliwaambia watu watangulie. Furaha ilikuwepo, na michezo ilikuwepo, tena safarini. Lakini watu walitangulizwa kwanza.

Basi wanaotaka kumbukumbu ya picha, na wayapange mambo haya kabla ya kukata tiketi. Kwanza, msiseme tu kwamba hamtaki picha zisambazwe, liandikwe. Katika nchi nyingi hakimiliki ya picha huwa ya aliyezipiga, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Hati iseme wazi kwamba hakuna picha itakayowekwa mtandaoni wala kuonyeshwa mteja mwingine, na kwamba nakala zote zitafutwa baada ya kukabidhiwa kwenu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Uturuki ina yake ya mwaka 2016, lakini kumfuatilia mtu aliye ng'ambo nanyi mmekwisharudi Temeke si kazi nyepesi.

Pili, ulizeni mapema kama yupo mpiga picha mwanamke. Hapo pia msiishie njiani: ulizeni ni nani atakayezisafisha picha kwenye kompyuta, maana aliyeshika kamera si lazima awe ndiye atakayeziona peke yake.

Tatu, angalieni nyakati. Nuru nzuri ni ile ya baada ya jua kuchomoza na kabla ya kuzama, yaani karibu na Alfajiri na Magharibi. Saa za Istanbul ni sawa na zetu, lakini jua lake silo. Mwezi Juni huzama baada ya saa 2:30 usiku. Desemba huzama kabla ya saa 12 jioni. Asiyelijua hilo hujikuta amevaa gauni la kukodi, Magharibi inampita, na malipo yanahesabiwa kwa saa.

Nne, wahurumieni na wengine. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, wanakokwenda maharusi wetu wengi, sheria ya mwaka 2021 ya makosa ya mtandao inaweza kumtia hatiani mtu anayepiga picha za wengine bila ridhaa na kuingilia faragha yao.

La mwisho ni la wawili wenyewe. Mara nyingi siri haitolewi na mpiga picha; hutolewa na bwana harusi anayetaka sifa, au bibi harusi anayesubiri pongezi za mashoga zake. Mmoja akisema hataki, basi yaishe hapo. Asilazimishwe.

Tulimuuliza binti yule kama anajuta kusafiri. Alisema hapana. Katika safari nzima anaipenda picha moja, aliyopigwa na mumewe kwa simu katika bustani ya Msikiti wa Süleymaniye baada ya Swala ya Alasiri, akiwa na baibui lake la kila siku. Hatukumwomba atuonyeshe.

Allah awajaalie maharusi wetu mapenzi na sitara. Amin.